Kila Mgeni na Dawa Yake

Ukiugua hapa kwetu Tanga, watu watakuombea dua. Redio yako ikiingiwa na bungu, watu hao hao watakuandikia dawa. Leseni ya utabibu huo sijui waliipata wapi. Mtu amekuja kudai pesa zake, ameketi, kahawa kapewa, jicho linatua kwenye redio ya mbao kule pembeni mwa sebule, anaona vitundu. Deni limeshasahaulika. Ningeshukuru, lakini akianza kusimulia jinsi walivyowamaliza bungu wa kabati la mama yake, natamani turudi kwenye deni.

Redio yenyewe ni ya marehemu babu. Jina la kampuni silitaji, isije ikaonekana nawadai. Wao waliuza redio, wadudu hawakuuza. Ni mojawapo ya yale madude ya miaka ya 1950, enzi za kina Philips, Grundig, Telefunken, Pye na Murphy, ambalo kulihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule unaita vijana wawili na kuwaahidi soda. Kasha ni la plaiwudi iliyovikwa veniya ya mti wa jozi, pembe zimepindwa bila kiungo kuonekana, kitambaa cha spika kina nyuzi za dhahabu. Na kioo cha stesheni! Hilversum, Beromünster, Athlone, Kalundborg, Luxembourg. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga Hilversum, wala anayejua nauli yake, lakini wajukuu tulijifunzia herufi kwenye kioo kile, na shangazi yangu mmoja hadi leo akitaka kusema mtu ametokomea na pesa za upatu atakuambia kaenda Hilversum. Juu ya kioo kuna lile jicho la kijani ambalo hufumba taratibu stesheni ikikamata vizuri. Tuliambiwa kazi yake nyingine ni kuangalia watoto wanaogusa vitu wasivyotumwa.

Kwa redio hiyo babu alisikiliza Sauti ya Dar es Salaam, kituo kilichoanza mwaka 1951. Akasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC tangu ilipozaliwa 1957, na Wajerumani wa Deutsche Welle walipoingia na Kiswahili chao mwaka 1963 akawasikiliza nao, kwa mashaka kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 nusu ya Ngamiani ilikuwa barazani kwake kusubiri bendera ipande. Leo kila mzee wa mtaa huu anadai alikuwepo, wakiwemo wawili ambao nimewazidi umri.

Sasa hivi haisemi. Ukiichomeka kwenye umeme hunguruma, hutoa harufu ya vumbi lililopata moto, basi. Mke wangu huuliza kwa nini tunatunza redio isiyosema. Nimemjibu kwamba wasemaji humu ndani wapo wa kutosha.

Turudi kwa bungu. Kitu ambacho hakiwaingii watu kichwani, hata ukiwachorea, ni kwamba tundu unaloliona si mahali mdudu alipoingilia. Ni mahali alipotokea. Jike hutaga mayai kwenye vinyweleo vya mbao, kwenye ufa, au ndani ya tundu la zamani. Buu akianguliwa anaingia ndani na kuanza kula, na humo gizani atakula miezi, au miaka kwa baadhi ya jamii zao, bila kutoa pua nje. Siku akishakuwa mdudu kamili mwenye mbawa, anatoboa ukuta na kwenda kutafuta mwenza. Ni mpangaji ambaye hukumpokea, hukuwahi kumwona, hakukulipa hata mwezi mmoja, na siku unayokuta mlango uko wazi yeye yuko mtaa wa tatu, keshapata chumba kingine. Halafu anakuja mtu na sindano, anaupiga mlango dawa!

Binamu yangu yeye alikuwa na kabati lenye matundu. Akanunua kiwi ya viatu ya rangi ya kahawia, akaziba moja baada ya jingine, akapiga brashi, akaita watu waje waone. Kweli lilipendeza. Waliokuwa ndani hawakupewa taarifa kwamba zoezi limefungwa, wakatoboa mengine pembeni. Kwa hiyo sasa ana kabati lenye matundu mapya na madoa ya kiwi, na bado hunipa ushauri.

La kwanza ni kujua kama mdudu yupo au kahama. Tundu la zamani lina weusi kingoni, limejaa vumbi la nyumba, wakati mwingine buibui kahamia. Tundu jipya kingo zake ni kali na ndani kweupe. Kisha unga. Bungu wa jamii ya Lyctus, ambao ndio wenyeji wa nchi za joto, huacha unga laini mno. Ukiusugua kati ya vidole husikii chembe. Yule wa Uingereza aliyewatesa wenye redio kule, Anobium punctatum, unga wake una mchanga-mchanga na tundu lake ni la milimita 1.5 hadi 2. Huyo aliipenda sana plaiwudi ya zamani, ile iliyogundishwa kwa gundi za damu na za maziwa. Aliyekula mbao alipata na kitoweo. Na pwani yetu kuna wa tatu, si bungu kabisa, ni mchwa wa mbao kavu. Hajengi udongo, hahitaji kushuka ardhini, anakaa ndani ya mti na kumwaga nje punje ndogo ngumu zenye pande sita. Pande hizo nimezihakikisha mwenyewe kwa ile lenzi ambayo babu alikuwa akisomea gazeti.

"Sasa umefikia kuhesabu mavi ya mchwa," mke wangu akasema.

Nilikuwa nahesabu pande. Tena ziligeuka kuwa za meza, redio haikuwa na punje hata moja. Kwenye redio ulikuwa ule unga laini.

Hata hivyo unga peke yake si ushahidi. Redio ikigongwa, unga uliolala ndani tangu utawala wa awamu ya kwanza utaporomoka, na wewe utadhani vita vimeanza jana. Wataalamu wa kutunza vitu vya kale wanashauri uweke karatasi nyeusi chini yake, usikiguse kitu, urudi baada ya muda uone kama kuna unga mpya. Ushauri mzuri kwa mtu anayeishi peke yake jumba la makumbusho. Katika nyumba yenye watu, karatasi nyeusi chini ya redio ni uchafu, itafagiliwa. Ikinusurika ufagio, mjukuu ataichukua akafanyie kazi ya shule ya kubandika nyota, na atarudi na alama ya vema. Mimi nimezifurahia alama zao, lakini uchunguzi wangu umelala.

Basi kwa kuwa uchunguzi umelala, tiba zikaanza kumiminika.

Shemeji yangu ni mtu wa mafuta ya taa. Kwake mafuta ya taa hutibu kidonda, kuku, siafu, na skrubu iliyoganda. "Shemeji, mwagia lita moja, funika na shuka, asubuhi umemaliza." Nikamwambia redio hii si ya transista, ina valvu ndani, na valvu ikiwaka ukiigusa unaacha ngozi. Kasha lililonyweshwa lita nzima ya mafuta ya taa likakaa juu ya valvu za moto, ni kweli kabisa asubuhi nitakuwa nimemaliza, mimi na sebule na nyumba ya jirani. Alikasirika kidogo. Akasema watu wa siku hizi waoga.

Jirani mwenye hiyo nyumba yeye alileta oili chafu, tena kwenye dumu, bila kuombwa. Oili chafu naiheshimu kwenye nguzo za uzio. Lakini veniya ya jozi ikishainywa inakuwa nyeusi moja kwa moja, haitakauka wala haitashika vanishi tena, na mgeni wa kwanza kuja na kanzu nyeupe akaegemea pale, undugu umekwisha. Dumu lipo nyuma ya choo. Analiulizia kila wiki.

Kijana wa dada yangu hakuuliza. Alikuja na kopo la dawa ya mbu akapuliza kabla sijamaliza kusema usi-. Wakafa mbu. Kwa haki, dawa iliyomo kwenye kopo lile ina ukoo na zile zinazotumika kwenye mbao. Kasoro yake ni kwamba inabaki juu, na buu yuko ndani, ana ukuta kati yenu na chakula mezani.

Aliyenishangaza ni muuza pembejeo. Nilikwenda dukani kwake nikamweleza nina mdudu anayetoboa na kuacha unga. Akachukua daftari.

"Magunia mangapi, mzee?"

"Redio moja."

Akaweka kalamu chini. Lakini tulipoendelea kuzungumza nikaona anajua zaidi ya wote walionitembelea. Dumuzi, yule mharibifu wa mahindi ambaye wakulima walimwita Skania, kwa ukoo ni bungu wa mbao. Familia yao, Bostrichidae, kazi yao ya asili ni kutoboa miti. Mahindi aliyazoea baadaye, na hadi leo akikosa ghala anaishi kwenye mti. Kwao ni Amerika ya Kati. Huku kwetu aliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, Tabora ndiko kelele zilikoanzia, akakuta mahindi yamehifadhiwa kwenye vihenge bila ulinzi, akaagiza na wenzake. Ile dawa ya unga ya kuchanganyia mahindi ina sehemu mbili kwa sababu yake: moja inamshughulikia fukusi wa kawaida, nyingine, permethrini, inamshughulikia yeye. Na permethrini hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kupaka mbao. Kwa hiyo kijana wa dada yangu hakuwa mbali na ukweli, ila dawa ya mahindi ni ya unga, na unga hauingii kwenye ubao uliopigwa vanishi.

Angeishia hapo ningemkumbuka kwa wema. Akashusha sauti akaniambia kuna vidonge. Vya kufukizia ghala. Kidonge kimoja ndani ya turubai, siku chache, hakuna kinachobaki. Hilo la hakuna kinachobaki naliamini. Vidonge vile hutoa gesi ya fosfini, ambayo imeshaua watu waliolala chumba cha pili, haikupigiwa mahesabu ya sebule yenye wajukuu. Na hata ungekuwa huna wajukuu, gesi hiyo hula shaba. Redio ya valvu ndani ni shaba tupu: koili, transfoma, waya juu ya waya. Ningebaki na kasha zima na mashine iliyooza. Nikamuaga nikaondoka, nadhani hadi leo anangoja magunia.

Mjomba akapendekeza jua, bure. Jua letu la Januari naliogopa, na joto kweli huua: mbao ikifika nyuzi 55 hadi kwenye kiini chake, bungu wa hatua zote hawaponi. Lakini na gundi haiponi. Gundi ya zamani ilichemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ikipata joto inakumbuka ilikuwa supu. Veniya ingeinuka, pembe zingefunguka, ningewaua bungu wote nikakabidhiwa mabanzi yenye afya.

Halafu kuna wasiotaka kutibu kabisa. Alipita mfanyabiashara wa vitu vya kale, anauzia watalii kule Unguja, akapiga magoti mbele ya redio utadhani kafika mwisho wa safari. "Usizibe hata tundu moja," akasema. "Hayo ndiyo umri." Huko Ulaya, akaniambia, wapo waliokuwa wakitoboa fanicha mpya kwa keekee ndogo ili mnunuzi adhani ni ya karne iliyopita. Hilo nililijua, na nikajua zaidi: njia ya keekee inakwenda moja kwa moja, unaweza kuingiza waya ukafika mwisho, njia ya bungu hupinda, hana fundi wa kumnyooshea. Na ukiona mifereji ya bungu imelala juu ya uso wa ubao, wazi wazi, ubao huo umekatwa au kurandwa baada ya kuliwa, kwa sababu mdudu mwenyewe juu ya uso huacha tundu la duara tu. Tulizungumza vizuri hadi akataja bei aliyotaka kunipa. Kwa bei ile nadhani alikuwa akinunua matundu peke yake, redio nibaki nayo.

Fundi redio naye, kijana hodari sana wa simu, alitazama ndani, akapiga mluzi, akasema atatoa takataka zote hizo aweke bluetooth na taa za rangi. Nikamshukuru nikamsindikiza hadi nje ya lango. Jambo moja alilofanya la maana ni kukataa kuingiza mkono. Kapasita za redio hizi hushika umeme hata baada ya kuchomoa waya, volti mia mbili na zaidi, na humpa salamu yeyote asiyesubiri.

Kuna saa namlaumu babu. Wakati huo bakelaiti ilikuwepo miaka mingi. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, aliivumbua mwaka 1907, na kufikia 1934 Waingereza wa Ekco walikuwa wakiuza AD65, redio ya duara ya bakelaiti iliyochorwa na Wells Coates, ambayo leo wakusanyaji wanagombania. Bungu akiuma bakelaiti anavunja meno. Babu alizikuta dukani akazipita. Alisema kitu kisichotokana na mti hakiwezi kuwa na sauti nzuri. Basi na wadudu nao wakawa na maoni hayo hayo.

Au ingekuwa mpingo. Au msaji uliokomaa. Bungu wa Lyctus hana habari na kiini cha mti uliokomaa. Yeye anafuata wanga, na wanga uko kwenye ile sehemu nyeupe ya nje. Tena kadiri mbao inavyozeeka wanga unapungua, hata inafika mahali hapati riziki. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na maswali. Ubao wa miaka sitini na zaidi, wa jozi na plaiwudi, mdudu wa wanga anakula nini humo?

Jibu lilipatikana siku ya kuifungua. Ilibidi ifunguliwe, kwa sababu tiba yoyote ya maana inataka kasha liwe tupu: mgongo wa kadibodi unatolewa, vifundo vya mbele vinachomolewa (vitatu vilitoka, cha nne kiling'ang'ania kwa sababu kina kijiskrubu ubavuni kilichozibwa kwa nta), skrubu za chini zinafunguliwa, mashine nzima inavutwa taratibu kwa nyuma pamoja na spika, huku mtu mmoja ameshika na mwingine anatoa maelekezo. Mimi nilikuwa wa maelekezo. Kasha lilipogeuzwa juu chini, nikaona. Mbao za babu zilikuwa na vitundu vichache, vyeusi, vikavu, vya kale. Inawezekana wenyewe walishuka meli moja na redio wakafa kwa joto la Tanga. Lakini kule chini, kwenye taruma mbili za kubebea uzito, palikuwa na mbao ngeni, nyeupe, zimetobolewa hadi unaona upande wa pili. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba. Ikabonyea. Ganda la juu ni jembamba kuliko karatasi ya mkate, ndani unga mtupu, ukamwagika miguuni kwangu.

Mwembe! Miaka ya nyuma redio ililegea chini, tukaita fundi seremala, na fundi akatia taruma za mwembe mbichi, mbao nyeupe yenye wanga wa kutosha kulisha kata nzima. Alilipwa bei ya mninga. Nikampigia simu.

"Mzee, mwembe una shida gani? Unatoa kivuli, unatoa maembe."

"Unatoa na bungu."

"Hao hawakuwemo, mzee. Wakati naipiga msumari ilikuwa nzima."

Na ubaya ni kwamba huenda anasema kweli, mayai ya bungu hayaonekani kwa macho ya mtu anayekimbilia kazi nyingine Pongwe. Akajitolea kuja kutia nyingine kwa nusu bei. Nikamwuliza ya mti gani. Akasema anao mwembe mzuri sana safari hii.

Taruma nilizichoma siku hiyo hiyo, na nilikaa pale hadi mwisho. Lakini hofu ikabaki: bungu waliotoka kwenye mwembe wangeweza kutaga kwenye tabaka za ndani za plaiwudi, na mimi sitaki kungoja mwaka mzima nijue. Ndipo nikafikia tiba ambayo majumba ya makumbusho huipenda, kwa kuwa haina sumu wala mafuta: baridi. Nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili; wenye mashine kali hushuka hadi 30 chini ya sifuri wakamaliza kwa siku tatu. Kitu kinafungwa ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, hewa yote inakamuliwa, selotepu kila mshono. Baridi lazima iingie haraka, maana mdudu akipozwa polepole hujizoeza, akaona ni kipupwe tu. Na ukishatoa, usifungue. Kiache kwenye nailoni hadi kirudi joto la chumba, ili umande ukae juu ya nailoni, usikae kwenye veniya.

Friji yetu ya nyumbani haiwezi kuingiza hata mgongo wa redio. Anayeweza ni muuza samaki mmoja upande wa Deep Sea, ana friza za kulala, ndefu, ukiingia mwenyewe unatosha. Nilimweleza mpango mzima: bungu, nyuzi, nailoni, wiki mbili. Alinisikiliza kwa adabu huku akiparua changu.

"Mzee wangu, hiyo redio itasema ikitoka?"

"Haisemi hata sasa."

"Kwa hiyo tunaigandisha ili…"

"Wadudu."

Akaparua samaki mwingine. Akasema nafasi ile ni ya nguru watano wakubwa, nguru ana bei, na redio haina. Tukaelewana kwa mwezi nusu, kwa siku, kisha tukarudi kwa wiki. Sharti langu lilikuwa friza isifunguliwe ovyo, na sharti lake lilikuwa nisije kila asubuhi kuifungua kuangalia kama haifunguliwi. Umeme ulikatika mara kadhaa, na kila ukikatika kipimo changu kilipanda, hesabu ikaanza upya, na kodi ikaendelea. Mke wangu akaniuliza kama ningeweza kuwaomba bungu wachangie.

Nyumbani nako hapakuwa na amani. Pembe ya sebule ilipobaki wazi, likawekwa kabati la kioo, eti la muda. Mashine ya redio ikakaa chini ya kitanda changu, valvu juu, imefunikwa kanga. Wageni waliendelea kuja, wakiuliza redio iko wapi. Nikiwajibu iko kwenye friza ya samaki, walikuwa wakimtazama mke wangu, naye akiwaitikia kwa kichwa, taratibu, namna watu wanavyoitikia wakiwa hospitali.

Siku ya kuichukua nilikwenda na bajaji na mito miwili. Kasha lilikuwemo, chini kabisa, limeganda, nailoni nyeusi haina hata tobo. Nikafurahi. Muuza samaki hakufurahi. Alinivuta pembeni, mikono kwenye aproni.

"Mzee, kuna kitu kidogo."

Alikuja mama mmoja mwenye shughuli ya harusi, anatafuta samaki wa pilau ya watu wengi. Kachungulia kwenye friza, kaona kifurushi kikubwa cheusi chini ya nguru, kauliza ni nini. Mwenyewe hakuwepo, alikuwepo kijana wa msimu, ambaye hakuna aliyemweleza habari za bungu, akajibu kwamba ni papa. Mama akakigonga kwa kidole, akasikia kigumu vizuri, kimegandishwa kitaalamu. Akatoa kishika uchumba cha shilingi elfu hamsini, risiti akapewa, na anakuja Ijumaa. Ameomba akatiwe vipande vya kuenea kwenye sufuria.

Nikamwuliza kwanza kilo walimtajia bei gani.